Simai na Mgongo Usioonyeshwa Sultani

Hapo zamani, kabla babu zetu hawajazaliwa na sisi hatujaanza kuwasumbua watu, palikuwa na Sultani mwenye roho nzuri lakini mvivu wa kufikiri, kazi hiyo akimwachia Waziri wake. Siku moja Sultani akapiga mbiu kwamba kila aliyezaliwa na ulemavu wa mwili atapewa mchele na samli kutoka ghala la serikali, kila mwezi uandamapo, mpaka mwisho wa uhai wake. Watu wakashangilia. Waziri akanuna, maana ghala lile aliliona kama la mamake. Basi akatunga sharti: posho haitoki mpaka Sultani mwenyewe auone ulemavu kwa macho yake.

Katika mji huo aliishi Simai, fukara hohehahe, mwenye mdomo kuliko mali. Alizaliwa uti wa mgongo umepinda, na maumivu yake yalikuwa yakizidi mwaka hadi mwaka, ikawa hata kukaa kusuka makuti kumemshinda. Mkewe, Bi Mize, ndiye aliyewatwangia watu mpunga ili apewe chenga za mchele wapate kula, na sasa alikuwa mjamzito, mchi umemlemea.

"Nenda kwa Sultani, mume wangu," akasema Bi Mize. "Mtoto huyu sitamlisha vichekesho vyako."

Simai akajikongoja hadi barazani. Waziri alipomwona akachekelea.

"Karibu! Sharti Sultani auone mgongo wako. Lakini ada ya jumba hili waijua: anayempa Sultani mgongo hutiwa gerezani. Hata wageni hutoka kinyumenyume, na wengi wamekwisha kuanguka ngazini."

"Nimesikia, bwana mkubwa," akajibu Simai, "nami nitatii yote mawili."

Akaingia, akasujudu, akaeleza haja yake. Sultani akasema, "Haya, geuka niuone."

"Lahaula! Nikupe mgongo, Seyyidi yangu? Mimi nina adabu."

"Basi nitazunguka mimi."

Sultani akashuka kitini, akapita kulia. Simai akageuka naye, uso kwa uso. Akapita kushoto, Simai huyo, meno nje.

"Tulia, we mtu!"

"Nikitulia utakuwa nyuma yangu, Seyyidi, nami nitakuwa nimekupa mgongo. Nasikia gereza lako lina kunguni."

Sultani akashikwa na ubishi. Akakaza mwendo, kisha akatoka mbio, joho kalipandisha magotini, na Simai akizunguka palepale kama pia. Nyuma yao Waziri akikimbia kudaka kilemba cha bwana wake, na askari wakatazama dari wasije wakacheka. Mara Sultani akajifanya aenda kulia, akarukia kushoto. Kah! Kiuno kikalia.

"Nakufa! Mgongo wangu!" Akaanguka kifudifudi juu ya zulia.

"Leteni tabibu! Leteni mafuta!" akapiga kelele Waziri.

"Taratibu, Waziri," akasema Simai. "Sharti kwanza uonekane." Akainama, akautazama mgongo wa Sultani juu hadi chini, akatikisa kichwa. "Mbona umenyooka, Seyyidi yangu? Tena umenawiri. Mafuta ya serikali hayatoki kwa mgongo kama huu."

"Unauma kwa ndani, baradhuli we! Maumivu utayaonaje kwa macho? Si nakwambia unauma!"

"Kumbe kuambiwa kunatosha?" akauliza Simai.

Sultani akauficha uso zuliani. Aibu ikamshika kwelikweli. Kisha akaanza kucheka, na kila akicheka akalia, "Uwii! Uwii!"

"Mpeni posho yake leo hii," akasema, "na kila mwenye shida asikilizwe. Nawe Waziri, sharti lako limekwisha. Mchele utaupeleka wewe mwenyewe, kwa mgongo wako huo."

Basi jua la mchana likamwona Waziri vichochoroni, gunia mgongoni, kibuyu cha samli shingoni, jasho likimchuruzika, na Simai mbele akimwelekeza njia. Bi Mize akafungua mlango. Hakumjua Waziri kwa sura. Akamtazama alivyopinda, asiweze hata kuinua uso, akamwonea huruma.

"Masikini baba wa watu!" akasema Bi Mize. "Na wewe umezaliwa hivyo? Hebu nenda kwa Sultani ukamwonyeshe."