Kitanda cha Mninga cha Mama Sekunda

Hapo zamani, si ile zamani ya fisi kuongea na sungura, bali zamani ya juzijuzi, mji wa Lihangwa ulipokuwa umeshapata chuo cha biashara lakini haujapata biashara yenyewe, aliishi mjane aitwaye Mama Sekunda Mapunda. Marehemu mumewe alikuwa seremala. Alimwachia karakana, mafundi, na kitanda kimoja cha mninga alichokichonga kwa mkono wake, ubao wa kichwani umejaa maua na ndege. Kila aliyekiona alisema, "Hiki ni cha kulalia mfalme." Kisha akaenda zake kununua kitanda cha chuma kwingine.

Ndivyo ilivyokuwa. Vitanda vya pale vizuri, lakini havinunuliwi. Imara, lakini havinunuliwi. Mafundi wakashinda wakicheza bao, randa zikashika kutu. Mama Sekunda akaona karakana ya mumewe inamfia mikononi. Akaenda chuoni kwa Mwalimu Gaudensi, aliyefundisha masoko na uongozi.

"Mwalimu," akasema, "nasikia watoto wako huchambua visa vya kampuni za ng'ambo. Mimi niko hapa hapa nyuma ya soko. Nichambueni na mimi. Atakayeiokoa karakana, kile kitanda cha mninga ni chake."

Mwalimu akafurahi, akaifanya karakana kuwa kisa cha darasani.

Wa kwanza kusimama alikuwa Desideri Komba, kijana mwenye tai. Karakana yenyewe hakuwahi kuikanyaga. "Kisa hiki chepesi," akasema. "Vitanda vya chuma vimeshinda. Mama afunge, auze mbao, akapumzike." Darasa likapiga makofi. Mama Sekunda, aliyekaa benchi la nyuma, hakupiga. Alijifuta macho kwa upindo wa kitenge.

Osmunda Haule, mwanafunzi wa darasa lile lile, akaona yale machozi. Siku ya soko akaenda karakanani, akaketi kwenye gogo, akatazama. Wakaingia mtu na mchumba wake, wameshikana mikono. Binti akagusa kitanda, akatabasamu. Akainua macho. Tabasamu likafa, mkono akauachia, wakatoka mbio mbio. Osmunda akatazama pale binti alipotazama, akaona: majeneza! Maana karakana ile ilitengeneza na majeneza, na yalisimamishwa ukutani jirani na vitanda, wima, kama wageni waalikwa.

"Mama," akasema Osmunda, "bibi harusi anachagua kitanda cha kuanzia maisha, na jeneza linamwambia, 'Karibu, tutaonana.' Nani anunue?"

Mama Sekunda akashika kifua. "Jamani! Mimi nimeyazoea, likilazwa moja, hata chai yangu naiweka juu yake."

Majeneza yakahamishiwa uani, yakapewa mlango wake. Vitanda vikatolewa barazani, vikatandikwa magodoro na mashuka meupe. Wakangoja. Watu wakapita. Wakangoja tena. Watu wakapita tena. Mdomoni mwa watu mahali pale paliitwa Kwa Majeneza, na jina halihamishwi uani.

Ndipo akaja mwanafunzi mwingine, Valeriani Nyoni. "Niachieni mimi," akasema. "Nitakaa barazani siku ya soko, kila apitaye nitamwimbia sifa za vitanda mpaka anunue." Maneno mazuri. Ila Valeriani alikuwa ametoka kucheza ngoma kwenye harusi ya binamu yake hadi kumekucha. Akaketi kwenye kile kitanda cha mninga kungoja watu. Akaegemea kidogo. Akajinyoosha kidogo. Akavuta shuka jeupe kidogo. Akalala fofofo, mikono kifuani, nzi anatembea puani na mwenyewe hana habari.

Shangazi yake, Eufrasia, muuza nyanya, akapita na beseni kichwani. Akamwona mwana wa kaka yake amelazwa Kwa Majeneza na shuka jeupe.

Beseni chini, puu!

"Valeriani weee! Umekwenda bila kuniaga! Na paa langu nani atanizibia weee!"

Soko zima likaja. Wanawake mikono kichwani. Wanaume kofia mkononi. Katekista akaanzisha wimbo wa maziko, watu wakaitikia kwa sauti zote. Mtu mmoja akauliza majembe yako wapi. Hapo Valeriani akafumbua macho, akaketi, akauliza, "Jamani, nani kafa?"

Hakubaki mtu. Katekista aliruka ua.

Baadaye wakarudi mmoja mmoja, wanatweta, wanacheka hadi machozi. Mzee mmoja akabonyeza godoro. "Hiki ni kitanda gani, kilio cha soko zima kisimwamshe mtu? Hebu nami nijilaze." Akajilaza. Mwingine akajilaza. Foleni ikafika hadi kule sokoni kwenye mizani ya mahindi. Hadi jua linazama, kila mwenye harusi baada ya mavuno alikuwa ameagiza kitanda kwa Mama Sekunda.

Furaha ikazaa balaa. Kila fundi alitaka kuchonga ndege, na hakuna aliyetaka kupiga chaga. Vibao vya kichwani vikajaa hadi dirishani, vitanda havina miguu. Maharusi wa kwanza walipelekewa kitanda chenye ndege na maua lakini hakina chaga hata moja, wakatumbukia hadi sakafuni na godoro lao. Baba wa bibi harusi akaja na fimbo. Wengine wakaja nyuma yake. Mama Sekunda akasema, "Basi. Nafunga."

Nani akatokea? Desideri, yule yule aliyesema mama afunge. Hakutumwa na mtu. Akavua tai, akamwambia Mama Sekunda, "Mama, darasani nilisema upuuzi." Akawageukia mafundi. "Wewe, miguu. Wewe, chaga. Wewe, ndege, lakini ndege mmoja tu kila kitanda." Mafundi walimchukia kama upupu. Lakini kila alfajiri alikuwapo, na vitanda vikatoka vizima, na kila bibi harusi akalala pa kulalika.

Karakana ikapona. Siku ya kutoa kitanda wakakusanyika.

Osmunda akashika mguu mmoja wa kitanda. "Mimi niliona ugonjwa. Majeneza yangekuwa bado pale, nani angethubutu kujilaza?"

Valeriani akashika mguu wa pili. "Uliona, lakini hukuuza hata kigoda. Watu nimeleta mimi."

"Ulikuwa umelala!"

"Nani mwingine alilala?"

Desideri akashika wa tatu. "Mlileta watu, mkaleta na fimbo zao. Bila mimi mama angefunga."

"Wewe ndiye uliyemwambia afunge!" wakasema wote.

Shangazi Eufrasia akasukuma watu, akashika wa nne. "Ondokeni hapa! Mtu akilala barazani pasipo kilio ni mlevi tu. Aliyeliita soko ni koo langu, na nyanya zangu zimepondwa."

Mama Sekunda akamgeukia Mwalimu Gaudensi. "Mwalimu, amua."

Mwalimu akakohoa. "Inategemea, mama."

"Inategemea nini?"

"Hilo sasa ndilo swali zuri."

Mama Sekunda akatafuta ubao wa kumpigia, mwalimu akatoka kwa mlango wa majeneza.

Basi kitanda ni kimoja, kila mguu una mtu wake, na hakuna anayeachia. Ninyi mnaocheka hapo, mngekuwa Mama Sekunda, mngesema nani abaki ameshika, na nani aachie?