Pumzi Juu ya Paa

Wahenga waliposema nyani haoni kundule, walimlenga kila mwenye jicho kali kwa kosa la mwenzake na jicho la usingizi kwa lake. Kiprono aliijua methali hii tangu shule ya msingi, hata akaiandikia insha. Lakini kuijua na kuishika ni mambo mawili, jamani.

Kazi yake mjini Doha ilikuwa kuvipima vipimio vyenyewe. Juu ya paa la jengo moja huko Lusail, mji mpya kando ya Doha, vifaa vitatu vya kupima hewa ya ukaa vilishindanishwa kwa miezi mitatu, na neno la Kiprono ndilo lingeamua kipi kichaguliwe. Viwili vilikuwa vya kifahari, vikivuta hewa kutoka juu ya mlingoti. Cha tatu kilikuwa kidogo, kimefungwa ukutani kwa kimo cha kifua. Hicho kiliundwa na Kawira, fundi kijana kutoka Meru aliyekuwa kwenye mkataba wa majaribio. Kikifaulu, angebaki kazini. Kikianguka, angerudi nyumbani.

Ole wake, kila asubuhi saa mbili, Kiprono alipopanda kuvifuta vumbi na kunakili namba, kifaa cha Kawira kiliruka. Namba zilipanda ghafla, kisha zikashuka.

"Dada, chombo chako kinadanganya," alisema Kiprono mbele ya mafundi wenzao.

"Kaka, mbona Ijumaa na Jumamosi hakidanganyi?"

"Siku za mapumziko magari ni machache."

"Na hivi viwili vingine, hayo magari havikuyaona?" Kawira aliuliza. "Naomba wiki moja tu. Asipande mtu huku, tuone."

Eti asipande mtu! Miaka kumi na minne kazini, leo afundishwe na mtoto wa juzi? Kiprono alipandwa na mori. Akaandika kwenye ripoti kwamba kifaa hakiaminiki, na mwezi haukuisha kabla Kawira hajafungasha virago. Binti wa watu hakulia. Alimpa mkono, akamtakia kazi njema.

Wiki iliyofuata mafua yalimlaza Kiprono siku nne chumbani kwake, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. Aliporudi, kifaa cha Kawira kilikuwa bado ukutani kikingoja kung'olewa. Aliinama kukifuta.

"Bosi, umerudi, na fujo za hiki kifaa zimerudi!" alicheka Owen, mlinzi wa paa, ambaye huzitazama namba kutoka mbali mlangoni. "Ulipoumwa kilitulia tuli."

Kiprono akarudi nyuma hatua kumi, namba zikashuka. Akasogea, akapumua mbele ya kifaa, zikapanda. Vile viwili vya mlingotini havikuwahi kufikiwa na pumzi yake. Hiki kidogo kilikuwa kikisema kweli kila asubuhi, na yeye ndiye aliyekiita mwongo.

Alishuka mbio hadi kwa meneja, akaambiwa ripoti imeshapelekwa na vifaa vimeshaagizwa. Akampigia Kawira, akakiri kila kitu.

"Nilijua, kaka," Kawira alijibu. "Niliomba ile wiki ili ujionee mwenyewe. Nilishindwa kukwambia mbele ya watu kwamba ni wewe."

Kiprono akaomba msamaha tena. Heshima aliyotunziwa ndiyo iliyomchoma kuliko tusi. Hakika nyani haoni kundule, na siku anapolionyeshwa, yule ambaye yeye alimnyooshea kidole huwa ameshaondoka.