Nusu Miwani ya Sultani Nadhiri

Hapo zamani, wala si zamani sana maana umeme ulikuwa umekwisha kuingia mjini, palikuwa na sultani jina lake Nadhiri, mpenda sinema na michezo ya runinga kuliko mashauri ya raia. Na katika ukoo wake ilikuwa desturi sultani kufunga kilemba kikubwa kilicholalia jicho la kushoto, eti ndiyo haiba ya enzi. Mawaziri nao wakaiga, ikawa baraza zima linatazama dunia kwa jicho la kulia. Na atakayetia neno juu ya kilemba cha Sultani, hukumu yake kukatwa ulimi.

Basi Sultani akapata habari kuwa ziko runinga ambazo picha zake hutoka nje ya kioo, farasi akikimbia humjia mtu mpaka usoni. Akatangaza aletewe. Wauzaji wakaja mbio: huyu na runinga ya miwani myeusi, huyu na ya miwani ya betri, na mwingine na ile isiyotaka miwani ila mtazamaji akae katikati asigeuze shingo. Sultani akazitazama zote, akaona picha zimelala kama chapati. Waziri naye akatazama, akaapa kuwa zimelala. Wauzaji walijua vema kuwa picha zile hazitoki ila kwa macho mawili, lakini kila mmoja aliupenda ulimi wake. Wakatiwa gerezani kwa utapeli, na runinga zao zikatupwa ghalani.

Miongoni mwao alikuwamo Faki, na mkewe Mwanakheri alikuwa karibu kujifungua. Mwanakheri akamwendea kaka yake, Mbaruku, fukara asiye na kazi wala haya, akamwambia, "Kaka, mtoto wangu atazaliwa baba yake yuko kifungoni. Nifanyeje?" Mbaruku akaingiwa na uchungu, maana dada yake alikuwa ndiye huyo mmoja tu. Akaenda barazani.

"Maulana," akasema, "nimekuja kumwombea shemeji yangu Faki."

Sultani akasema, "Niletee basi wewe runinga. Picha ikitoka, shemeji yako yu huru. Isipotoka, utamfuata. Wala usinijazie nyumba takataka! Lete kinachotumika. Kisichotumika humu usikilete."

"Nisikilete hata kidogo, Maulana?"

"Hata kidogo!"

Mbaruku akainama, akatoka. Akambembeleza mlinzi wa ghala, wakatoa runinga moja na miwani yake. Ile miwani akaikata katikati kwa msumeno, nusu moja akamwachia bawabu mlangoni, na nusu ya pili akaifunga uzi, akaingia nayo barazani. Kwa adabu kubwa akamvika Sultani kwenye jicho la kulia.

Sultani akaipapasa. "Mbona miwani hii nusu?"

"Hiyo ndiyo inayotumika, Maulana. Nusu ya pili nimeichunguza sana, nikaona humu haina kazi. Nimeiacha mlangoni kama nilivyoamriwa."

Sultani akawiva uso. "Ewe baradhuli! Waniita chongo?"

"La hasha, Maulana. Sikulitamka neno hilo."

"Mimi nina macho mawili!"

"Nasikia hivyo, Maulana. Ila sijapata bahati ya kuyaona pamoja."

Sultani kwa hasira akakivua kilemba, akakitupa chini. "Haya, tazama! Hili nini?"

"Ni jicho, Maulana, tena zima kabisa. Basi sasa ile nusu inatumika." Akaenda mlangoni akaileta, akamfunga, akawasha runinga.

Akatokea nyati. Akatimua vumbi, akaja, akazidi kuja, mpaka Sultani akaruka nyuma ya kiti chake akipiga ukelele. Waziri akakohoa. "Maulana, mbona imelala vilevile?"

"Vua kilemba, mjinga wewe!" akafoka Sultani kutoka nyuma ya kiti.

Hapo watu wote wakatazamana, maana aliyetia neno juu ya kilemba sasa ni Sultani mwenyewe. Naye akajisikia alilosema, akaushika ulimi wake kwa vidole, kisha akaangua kicheko, na baraza likacheka naye. Sheria ile ikafa siku hiyo.

Alipotulia akauliza, "Mbaruku, runinga nzuri namna hii umeichagua wapi?"

"Ghalani mwako, Maulana. Ni ile ile iliyomfungisha Faki."

"Na zile nyingine?"

"Nazo nzima. Hapana hata moja iliyokudanganya."

Kicheko kikamkauka Sultani. Akaona aibu, aibu ya kweli, wala hakuificha. Akauomba ufunguo wa gereza, akaenda peke yake, kichwa wazi, kilemba amekiacha sakafuni.

Wafungwa walipomwona mtu anaingia hawakumtambua, maana hakuna aliyepata kuuona uso wake wote. Faki akamsogezea jamvi, akamwambia kwa huruma, "Pole, ndugu yangu, keti. Nawe umemletea runinga ya namna gani?"

Sultani akasema, "Sikuleta runinga, ndugu. Nimeleta ufunguo. Nenda nyumbani, mkeo anakungoja."