Mjane Aliyemtoa Mumewe kwa Zimwi

Sogeeni, ndugu zangu, kisa kimebisha hodi nami ninakifungulia.

Hapo kale Mwanashifaa, mjane mwenye watoto watatu, aliona haya Idi inakuja naye hana kipya cha kuwavisha. Akaenda pangoni kwa zimwi.

"Nguo ninazo," likamwambia. "Nipe kumbukumbu za marehemu mumeo."

Kwa gauni la Mwatime, binti yake mkubwa, akatoa kicheko cha mumewe. Kwa kanzu ya Hamadi akatoa sauti ya mumewe. Kwa viatu vya Kheri, kitinda mimba, akatoa sura ya mumewe, akarudi nyumbani mbio.

Asubuhi ya Idi watoto walivaa, wakapendeza. Walipokaa kula mkate wa kumimina, Kheri, aliyezaliwa baba akiwa kaburini, akamvuta mama yake kanga. "Mama, tusimulie habari za baba, kama kila Idi."

Mwanashifaa akamtafuta mumewe akilini, asimwone. Moyo ukamsuta.

"Nisameheni, wanangu. Nimemtoa baba yenu kwa zimwi. Nilidhani bila nguo mpya hakuna Idi."

"Sisi tulikuwa tunangoja masimulizi yako," Mwatime akasema taratibu.

Mama akazikusanya zawadi zote, akazirudisha pangoni, lakini zimwi lilikwisha kuzimeza kumbukumbu za mumewe. Akarudi analia. Ndipo Mwatime akaanza kusimulia yale machache aliyoyakumbuka. Kheri alisikiliza akiwa mapajani pa mama yake, na mama naye akasikiliza, kisha akauliza kwa aibu, "Alikuwa mrefu?"

Mimi niliwaacha hapo, Mwatime bado anasimulia.