Rojo Lililogoma Kuumuka

Nyoka akiingia ndani, hakuna anayeuliza fimbo ipi ni nzuri. Huulizwa iliyo karibu.

Isakki aliifunua sufuria. Rojo la mchele na choroko nyeusi alilolisaga jana jioni lilikuwa limelala vilevile, baridi kama jiwe la mtoni, bila hata povu. Saa kumi alasiri Petchiammal, mama wa mumewe, angefika Kunoor, huku juu kwenye milima ya baridi, kwa mara ya kwanza. Kwa miaka miwili, tangu mwanawe aoe bila radhi yake, hakuwa amegusa hata maji ya nyumba hiyo. Sasa alikuwa ametuma neno: atakuja, na akikuta vitumbua kama vya kwao kwenye joto la Tirunelveli, atakula. Na kwao, mtu akila kwako ugomvi umekwisha.

Alimpigia simu mama yake huko Tirunelveli, mara ya tatu asubuhi hiyo.

"Usitie chumvi, mwanangu, wala usilikoroge kwa mkono, litachacha. Liweke uani lipate jua."

"Jua lenyewe liko wapi, mama? Ukungu umeingia mpaka jikoni."

"Basi subiri. Mbona langu hapa limeshafurika?"

Isakki akasubiri. Akafunua, akafunika, akafunua tena. Ilipogonga saa tatu, rojo lilikuwa bado lilelile, jepesi kama maji. Nyumba ya pili aliishi Maadhi, mwenyeji wa milima hiyo, ambaye Isakki alimwambia wiki ya kwanza tu kwamba watu wa milimani hawajui mapishi ya mchele. Maneno hayo sasa yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Lakini heri aibu ya jirani kuliko ya mkwe. Akaikumbatia sufuria, akaenda kubisha hodi.

Maadhi alichungulia ndani. "Hiki nini, binti? Maji ya kunawia miguu?"

"Nicheke, shangazi, ila nisaidie. Mama yuko Tirunelveli, ananiambia nisubiri tu."

"Nitakucheka kesho. Mama yako yuko kwenye tanuri, wewe uko kwenye barafu. Dawa yake ni ya nyumba nyingine."

Akanawa, akatia chumvi, akazamisha mkono hadi kifundoni na kulivuruga rojo taratibu mpaka likapata joto la mwili. "Huku kwetu mkono ndio hamira," alisema. Akaizungushia sufuria blanketi, akaiweka kando ya meko ya maji ya kuoga.

Isakki alikaa kwenye kigoda, macho kwenye blanketi. Saa nane, kimya. Saa tisa, kifuniko kikainuka na kukaa upande kama kofia ya mlevi.

Petchiammal alipofika hakuvua hata shali. Alikipasua kitumbua cha kwanza. Ndani kilikuwa na matundu kama sega la nyuki. Akala. Akala cha pili. Kisha akaisukuma sahani mbali naye, naye Isakki akasimama palepale, mwiko mkononi.

"Kwa nini umesimama kama mlingoti, mwanangu?" mkwe akasema. "Jaza."

Mama yake Isakki alikuwa na mapenzi tele na maarifa tele, ila alikuwa Tirunelveli. Na kweli, fimbo ya mbali haiui nyoka.