Mbuzi Iko Ndani

Paukwa.

Pakawa.

Pakauka?

Pakapakwa.

Pakapakwa nini?

Mafuta.

Haya, walioitikia kwa nguvu wasogee mbele. Walioitikia kwa kunong'ona wakae pale penye mbu. Na wewe Sikudhani, acha kukwangua hiyo sahani, chakula kimeshaisha. Tunaanza.

Hapo kale palikuwa na jiwe ukingoni mwa mto. Jiwe pana, jeusi, na jua likichomoza lilikuwa la kwanza kupata moto. Basi kila asubuhi wenye damu baridi wote walikwenda pale kuota jua. Kobe alikwenda, akaota jua. Kenge alikwenda, akaota jua. Kinyonga alikwenda kwa mwendo wake ule, akifika wenzake wameshashiba jua wanaondoka, lakini alikwenda. Na Mize mjusi alikwenda na mama yake, Bi Kiya, wakajinyoosha kwenye kona yao, wakaota jua.

Mwaka mmoja, kipupwe kilipoanza kuuma, akaja Mamba. Chubwi, akatoka majini. Tambaa, tambaa, tambaa, akapanda jiwe. Kichwa akakiweka huku, mkia akautupa kule, tumbo likajaza katikati.

"Kuanzia leo hapa ni pangu," akasema.

Kobe akaondoka. Kenge akaondoka, akijifanya alikuwa na safari zake tangu jana. Kinyonga ndiyo kwanza alikuwa anakuja, ikabidi ageuze, na kugeuza kwenyewe kukamchukua asubuhi nzima.

Sasa Bi Kiya alikuwa mtu mzima. Akawa analala kwenye ufa wa ukuta, kivulini, na mwili ukaanza kuwa mzito. Kwanza mkia ukagoma. Kisha miguu ikagoma. Mize akamletea inzi mnono, mama akageuza uso.

"Niache nilale, mwanangu," akasema.

Akalala, akaota, na alichokiota ni kwamba anaota jua. Mize akamgusa ubavuni, akamkuta baridi kama chungu cha maji. Roho ikamruka. Alijua kabisa, mjusi akipoa kupita kiasi haamki tena.

"Mama, usilale sana. Nakwenda kukuombea nafasi," akamwambia, akatoka mbio.

Huko jiweni, Mamba naye alikuwa na msiba wake. Kulala juani kutwa nzima kulimkausha ngozi. Ikapauka, magamba yakanyanyuka, yakapasukapasuka. Akirudi majini, baridi. Akipanda jiweni, inawasha. Basi kazi yake ikawa kujikuna mgongo kwenye jiwe, kwaru kwaru kwaru, na nafuu haioni.

"Shikamoo, Baba Mamba," akasema Mize.

"Marahaba. Kaa mbali, usinikanyagie kivuli changu."

"Mama yangu amepoa, baba. Hata mkia hauinui tena. Naomba kikona tu, cha kulaza mtu mmoja."

"Hakuna kikona. Huoni mimi mwenyewe mkia unaning'inia?" Mamba akamtazama kwa jicho moja, kisha akamgeuzia na la pili. "We kitoto, mbona unang'aa? Mto mzima tumepauka, wewe unang'aa kama sufuria mpya."

"Ni mafuta, baba. Natengeneza mwenyewe. Nikijipaka kabla ya kuota jua, ngozi haikauki."

"Yanatengenezwaje?"

Mize akamweleza. Unachukua nazi iliyokomaa, unaikuna, unakamua tui. Tui unalibandika kwenye moto mdogo wa makumbi, unakoroga bila haraka, mpaka maji yote yaishe na mafuta yaelee juu, mashapo yakae chini yakiwa mekundu. Unachuja. Yangali vuguvugu unatumbukiza maua ya mlangilangi, yanaachia harufu yake humo. Basi, hapana kingine.

"Na vyombo unavyo?"

"Ninavyo. Bi Mosi alipohama alituachia jiko lake, sisi wajusi wa ukutani. Chungu kipo, kifuu kipo, kitambaa cha kuchujia kipo, mbuzi iko."

Mamba akaacha kujikuna.

"Umesema nini hapo mwisho?"

"Mbuzi. Iko."

"Yuko," akasema Mamba. "Mbuzi yuko. Nyie wajusi mnashinda kwenye kuta za watu mnasikiliza mazungumzo yao, na Kiswahili bado kinawashinda."

"Mimi nimesema iko, baba."

"Na mimi nimeshakusahihisha."

Mnacheka nini? Ngojeni kwanza. Mamba alizaliwa majini, akakulia majini, jikoni kwa mtu hajawahi kuingia hata kuomba chumvi. Mbuzi anayemjua yeye ni yule anayeshuka mtoni kunywa maji asirudi kwao. Ile mbuzi ya mti, ya kukalia na kukunia nazi, yenye ulimi wa chuma na meno nchani, angeiona wapi? Mize alifungua mdomo ili amfafanulie. Halafu akamwona Mamba anameza mate. Akaufunga mdomo.

"Nikikutengenezea mafuta, baba, utampa mama nafasi?"

"Nitampa, nitampa. Wewe tengeneza."

Kisha Mamba akageuka pembeni, akawa anajisemea taratibu. Lakini mamba hajui kunong'ona, taya lenyewe refu lile. Mize akasikia kila neno.

"Mafuta nitapaka, mbuzi nitamla, na jiwe ni langu."

Mize akaumia moyoni, machozi yakamlenga. Akamkumbuka mama yake kule ufani, anaota jua ambalo hana. Akajifuta.

"Twende, baba," akasema.

Wakaenda. Mize mbele, chwi chwi chwi. Mamba nyuma, buru buru buru. Walipofika jikoni kwa Bi Mosi, Mamba akalala mlangoni, maana jiko lilikuwa dogo, na Mize akaingia ndani. Akavunja nazi, pa! Akakaa kwenye mbuzi, akaanza kukuna. Msiniulize mjusi anakaaje kwenye mbuzi. Mngekuwa mnajua kila kitu mngekaa hapa mkasimulia nyie.

Kwaru kwaru kwaru.

"Ni nini hicho?" Mamba akauliza mlangoni.

"Mbuzi inakuna, baba."

"Anajikuna. Sema, mbuzi anajikuna. Maskini, naye ngozi imemkauka. Yuko wapi?"

"Iko ndani."

"Yuko ndani," akasahihisha Mamba, akameza mate.

Mize akakamua tui. Nyugu nyugu nyugu. Akalibandika motoni, akakoroga bila haraka. Bwata, bwata, bwata.

"Ana pembe huyo mbuzi?" Mamba akauliza.

"Haina pembe, baba."

"Hana pembe. Basi bado mchanga, nyama laini. Na miguu?"

"Minne, lakini nimeikunja."

"Umemfunga miguu. Umefanya vizuri, asije akakimbia. Yuko wapi?"

"Iko ndani."

"Yuko ndani," akasahihisha Mamba, na mate yakamdondoka kizingitini.

Maji ya tui yakaisha, mafuta yakaelea, mashapo yakawa mekundu. Mize akachuja. Churuzi, churuzi, churuzi. Jiko zima likanukia.

"Amenona?" Mamba akauliza, na sauti sasa inatetemeka.

"Ina mafuta mpaka miguuni," akasema Mize. Na ni kweli tupu, maana ukikuna nazi nyingi hivyo lazima mbuzi iloe mafuta.

"Yuko..."

"Iko ndani, baba. Pale kwenye kona, nimeifunika kanga. Sasa nisikilize. Mafuta yanapoa, na mimi natoka kidogo kuchuma maua ya mlangilangi. Ile mbuzi usiiguse. Ina meno."

"Kila mbuzi ana meno," akasema Mamba. "Ya kwangu ni mengi zaidi."

Mize akatoka. Alipofika kwenye mlangilangi, wala maua hakuyatazama. Aligeuka akasimama, anasikiliza.

Mamba akaingiza kichwa jikoni. Giza, moshi, na harufu ya mafuta inapanda puani. Akaiona kanga kwenye kona, chini yake kitu kimejikunyata. Hakuuliza, hakunusa, hakufunua. Gwap!

Meno yakazama kwenye mti mpaka kwenye ufizi. Mbuzi nayo ikafunguka miguu humo humo mdomoni, kraa, miwili ikasukuma taya la juu, miwili ikasukuma taya la chini, na ule ulimi wa chuma ukamgusa kwenye kaakaa. Mamba akataka kufunga mdomo, haufungi. Akataka kuitema, haitemeki. Akatoka nje kinyumenyume, buru buru buru, kinywa wazi, kanga ya Bi Mosi inapepea kama bendera.

Mize akaja taratibu na maua yake.

"Baba Mamba, umeshamwona mbuzi?"

"Aaaa."

"Hebu niambie, maana Kiswahili kinanishinda. Yuko au iko?"

Mamba akahangaika na ulimi wake, akasema, "I-o."

"Sasa umepata," akasema Mize.

Angeweza kumwacha vile vile, na mto mzima ungemshukuru. Lakini angerudi kufia kule kule jiweni, na Mamba aliyekufa juu ya jiwe ni mzigo mkubwa kuliko Mamba hai, na mama alikuwa anazidi kupoa. Mize akamsogelea usoni, karibu na jicho.

"Haya mafuta nikiyamimina kwenye meno yako, mti utateleza utoke. Lakini mimi nimekusikia ulivyojisemea pale jiweni. Kwa hiyo mama kwanza, mafuta baadaye."

Mamba akatikisa kichwa kukubali, akajigonga kwenye ule mti wa mdomoni.

Wakarudi mtoni. Safari hii Bi Kiya alikuwa ametolewa ufani, amelazwa juu ya mgongo wa Mamba, amekaza kama kijiti, na Mize anatembea ubavuni na kifuu cha mafuta. Kobe akawaona, akatoa kichwa. Kenge akawaona, akasahau kuwa alikuwa safarini. Mamba akapanda jiwe, akajikunja, akajibana upande mmoja. Jua likaanguka kwenye kona ya zamani. Mize akamshusha mama yake pale, akamlaza kifudifudi, akampaka mafuta mgongoni kwa kiganja, akamsubiri.

Hakukuwa na kitu. Mize akampaka tena. Akamwita, "Mama." Hakukuwa na kitu. Wanyama wote wakanyoosha shingo, hata Mamba aliacha kugumia.

Kisha ncha ya mkia ikacheza. Kidogo tu, mtu angeweza kudhani ni upepo. Kisha kidole kimoja kikajikunjua, kisha kingine, na ubavu ukapanda na kushuka. Mize akalia mbele ya watu wote na wala hakuona haya.

Akachukua kifuu, akamimina mafuta kwenye meno ya Mamba. Tiri tiri tiri. Akasukuma huku, akavuta kule, Kenge akasaidia, na mbuzi ikachomoka, fyu, ikaangukia majanini. Mafuta yakabaki kidogo chini ya kifuu. Mize akayatazama, akamtazama Mamba na ule mgongo wake uliopasuka. Akampaka na yeye.

"Hapo," akasema Mamba, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. "Hapo hapo. Kushoto kidogo." Akafumba macho. "Haya mafuta, yanakaa muda gani?"

"Mpaka ngozi ikauke tena."

"Ikikauka tena?"

"Nitakutengenezea mengine, baba, ukiwa umejibana upande wako hivyo hivyo."

Mamba akafikiri, na kufikiri kulikuwa kunamchosha. Akainua kichwa apumzike vizuri.

Pale pale Bi Kiya akafungua jicho moja. Akatazama juu, hakuona jua, aliona taya.

"Nani huyu ananizibia jua?" akauliza.

"Ni mimi, mama," akasema Mamba.

"Basi sogea."

Akasogea. Na tangu siku ile Mamba akiota jua huacha kinywa wazi kutwa nzima. Wapo wanaosema taya lilizoea. Mimi nasema anaogopa kukifunga, asije akakuta mbuzi bado imo.

Fundisho la ngano hii? Mkubwa akiwasahihisha mumwamini, kwa sababu mkubwa hakosei. Na mtu akiwaambia kitu kina meno, huyo ni mwongo, ana choyo, kiumeni tu muone.

Ngano nimekwisha kuichuja, mafuta mmepata nyie, mashapo nimebaki nayo mimi. Mwenye ngozi kavu akakune nazi yake. Mbuzi iko jikoni.

Iko.