Msumeno wa Fundi Hizami

Inasimuliwa kwamba katika zama za wema waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, palikuwa na seremala mchaji aitwaye Wahbani bin Asaadi, mkazi wa mji mmoja wa kando ya mto katika ardhi ya Iraki. Alikuwa mtu wa swala za jamaa na maneno machache. Lakini lililomtangaza ni hili: mjini mwote hapakuwa na aliyeijua misumeno mikuukuu kama yeye.

Kila Alhamisi mafundi walikusanyika katika soko la vyombo vilivyokwisha tumika, na hakuna aliyethubutu kununua msumeno kabla Wahbani hajaushika. Husema "Bismillahi," akausogeza mpini karibu na shavu, akafumba jicho moja na kuufuata kwa jicho la pili ukingo wa meno mpaka mwisho, aone kama bamba limenyooka au limekwenda upande. Kisha huupinda kama upinde na kuuachia. Ukirudi sawasawa ni mzima. Ukibaki na kibyongo, usitaraji ukate mstari ulionyooka. Kutu hakuiogopa. "Kutu ya juu ni uchafu, husuguliwa," alikuwa akisema. "Iliyochimba vishimo ndiyo maradhi." Mwisho hugonga bamba kwa kifundo cha kidole akatega sikio, kwani chuma kizima hulia na chenye ufa hukoroma. Akishatoa neno lake, shauri limekwisha.

Na hapo ndipo Shetani hupenda kukaa, ndugu zangu: pale ambapo neno la mja halipingwi na mtu.

Alhamisi moja alikuja mjane aitwaye Unaysa, ndiyo kwanza ametoka eda. Mumewe, fundi Hizami, alikuwa seremala mpole aliyetengeneza milango ya nyumba nyingi za mafukara kwa ujira mdogo. Unaysa alibeba msumeno wa marehemu, ameufunga kwa kitambaa safi kama kitu cha amana. Wahbani alikuwa amezungukwa na watu, na Alasiri imekaribia. Akaupokea, akautupia jicho, akaugonga mara moja tu. Ukatoa sauti nzito, ya kukoroma. Hakuupinda. Hakuutazama ukingo wake. Hakumwuliza yule mama neno lolote.

"Huu umekufa," akasema, akimrudishia. "Una ufa ndani. Mpelekee mhunzi."

Mtu mmoja nyuma akadakia, "Kumbe ndiyo maana milango ya Hizami haifungi!"

Watu wakaangua kicheko. Unaysa akaufunga tena msumeno katika kitambaa chake, akaondoka. Wahbani aliisikia kejeli ile na akajua si kweli. Akanyamaza, akaenda kuswali.

Siku tatu baadaye alikwenda kwa Kaysani mhunzi kutafuta bawaba. Akauona msumeno ule, ambao Unaysa alikuwa amekwisha kumuuzia mhunzi, umeegemezwa ukutani, ukingoja zamu yake motoni. Mkono ukamwenda wenyewe. Alipoushika aliuhisi mpini ukichezacheza. Misumari miwili iliyoushika ilikuwa imelegea, na bamba lilikuwa likigusana na mti, sauti ikifia pale pale. Akautoa mpini, akalishika bamba kwa ncha za vidole, akaligonga.

Likalia mlio mrefu, mwembamba na safi, kama sinia la shaba. Akalipinda hata ncha ikakaribia kugusa kitako. Alipoliachia, likanyooka kama uzi uliovutwa.

Wahbani akaligonga tena, kuhakikisha.

"Vipi, fundi?" akauliza Kaysani. "Si ulisema umekufa?"

"Nilisema."

"Basi uchukue kwa bei ya chuma kibovu. Nasikia msumeno wako umelika mpaka umekuwa kisu. Riziki imekujia, na tunaoijua ni mimi na wewe tu."

"Na aliyetuumba mimi na wewe?" akasema Wahbani. Moyo wake, hata hivyo, ulikuwa umeukamata msumeno ule. Usiku na mchana alikuwa akimwomba Mola chombo kama hicho, na sasa kilikuwa mkononi mwake. Kisha akasema, "Kaysani, usiuuze huu kwa bei ya chuma. Tangu nianze kazi sijashika mzuri kuliko huu."

Mhunzi akamtazama kwa mshangao. "Unanipandishia bei mwenyewe?"

"Siwezi kutubia dhuluma moja kwa kutenda ya pili."

Akaenda nyumbani akaleta randa yake bora, aliyoirithi kwa baba yake, akampa Kaysani badala ya msumeno. Akaikaza misumari ya mpini na kuupeleka msumeno kwa Unaysa. Alimkuta mlangoni akichekecha unga wa watu, maana hiyo ndiyo kazi aliyokuwa ameipata.

Wahbani akatoa salamu, akauweka msumeno mbele yake na kumweleza yote bila kujitetea. "Mali yako hii, mama. Nimekuja kuomba radhi."

Unaysa hakuugusa. Akasema, "Ulipotamka kuwa umekufa, mali haikuniuma. Nililala nikijiuliza kama mume wangu alikuwa akiwafanyia watu kazi mbovu, na kama anaulizwa hilo huko aliko."

Wahbani akainamisha kichwa. "Nisamehe kwa ajili ya Mwenyezi Mungu."

"Maneno yako yalisikiwa na soko zima, ewe fundi. Leo unataka nikusamehe hapa, penye mimi na chekeche?"

Wahbani akainuka. Alikwenda zake, na Alhamisi akasimama katikati ya soko, Unaysa amesimama kando.

"Enyi mafundi!" akaita. "Msumeno niliosema umekufa ni mzima. Nilikuwa na haraka na nilikuwa na kiburi. Hizami alijua chombo chake, mimi sikujua. Nanyi mlipomcheka maiti, mimi niliyeijua kazi yake nilinyamaza."

Kisha mzee mmoja akauliza, wala si kwa kejeli, "Kama ulikosea huu, ewe Wahbani, mingapi mingine umeikosea?"

Swali hilo lilimchoma kuliko kicheko chochote. "Sijui," akasema. "Ambaye msumeno wake niliukataa, na aniletee tena."

Unaysa akaufungua msumeno. "Na uuzwe huu mbele ya waliocheka," akasema. Aliyeununua, kwa thamani yake kamili, alikuwa yule yule aliyeitukana milango ya Hizami. Alimlipa mjane bila kuinua macho, akamwomba radhi kwa sauti ya chini. Ndipo Unaysa akamgeukia Wahbani, akasema, "Nimekusamehe. Mola na akusamehe."

Baada ya hapo soko lilimpa kisogo. Aliletewa misumeno saba ya kuangaliwa upya, akakuta mmoja mwingine aliukosea, akautangaza nao. Miezi ikapita akikaa mahali pake kila Alhamisi bila kuitwa na mtu, akivuta tasbihi yake, asilalamike. Alifanya kazi kwa msumeno wake uliolika, na randa ya baba yake hakuiona tena.

Mwaka ulipokaribia kwisha, akaja msafiri na msumeno mkuukuu. Watu wakamwonya, "Huyo alikosea mbele ya soko zima." Msafiri akajibu, "Nimesikia. Nionesheni basi mwingine aliyekosea akakiri."

Hapakuwa na wa kuoneshwa. Wahbani akaupokea msumeno kwa mikono miwili, akasema "Bismillahi," na safari hii, kabla ya kuugonga, akamwuliza msafiri: "Ulikuwa wa nani, ndugu yangu? Alikuwa mtu wa namna gani?"

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, elimu ni amana, na anayeaminiwa ana hesabu nzito kuliko asiyeaminiwa. Ulimi uliovunja heshima ya mtu hadharani, toba yake haitimii chumbani. Mola atupe subira kabla ya kutoa hukumu, na ushujaa wa kuitengua tukikosea. Amina.